Kiingereza cha Shangazi Kokugonza

Pale mtaani Kashai, ukitaka kumuudhi Kokugonza, msifie wimbo wa harusi uliotungwa na mtu mwingine. Atakusikiliza mpaka mwisho, atakuongezea chai, halafu atakuuliza kwa upole kama masikio yako siku hizi ni mazima. Nyimbo za harusi ni zake. Anazitunga akimenya ndizi za mgahawani kwake, kisu kikienda na mdomo ukienda, na ndizi zikiisha wimbo nao umeisha. Jioni kina mama wa kikundi chake wanakuja, anawafundisha kwa mdomo, maana hajawahi kuandika wimbo hata mmoja. Watu wanamfuata kutoka Muleba, kutoka Ngenge huko, wanamweleza bibi harusi ni mtoto wa nani, ana tabia gani, atataniwa kwa lipi, kisha wanaondoka wakijua kazi imekwisha. Kwa Kihaya au kwa Kiswahili, mwenye harusi achague mwenyewe.

Kwa hiyo mwaka jana, alipoonekana amekaa mbele ya ndizi zisizomenywa, kisu kimelala na mdomo umefungwa, majirani walidhani amefiwa. Mwajuma, ambaye genge lake la nyanya limepakana na mgahawa na ndiye mpiga ngoma wa kikundi, alikuja mbio kumpa pole.

"Sijafiwa," Kokugonza akasema. "Natunga wimbo wa Kiingereza."

"Basi pole iko pale pale," Mwajuma akajibu, akavuta kigoda.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mtoto wa kaka yake. Buberwa, kaka aliyemtangulia Kokugonza kuzaliwa na aliyekuwa rafiki yake kuliko ndugu wote, alikwenda Kanada kusoma, akaoa huko huko, akapata binti mmoja, Lilian. Binti hajaanza hata shule, baba akafa. Mwili uliletwa nyumbani Buganguzi, ukazikwa kibanjani nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kama wanavyozikwa watu wa kwao. Lilian akakulia kwa mama yake, na lugha aliyoijua ikawa moja tu, Kiingereza. Alipokuwa mtu mzima alimtafuta shangazi yake kwa simu. Kokugonza, ambaye shule aliishia kidato cha pili, aliokota maneno aliyoyakumbuka, Lilian akaokota aliyoyaelewa, wakapendana hivyo hivyo. Hata mazungumzo yakikwama walikuwa wanabaki wanatazamana kwenye simu na kucheka.

Siku moja Lilian akasema amepata mchumba, Desmond, na anataka kuagwa nyumbani kwa baba yake. Kokugonza alipiga vigelegele mgahawani mpaka mteja mmoja akamwagikiwa na chai. Lakini binti akaongeza jambo jingine, tena alilisema taratibu ili shangazi asilikose. Huko Kanada, alisema, kila anapokwenda kwenye shughuli za Watanzania, watu wanaongea, wanacheka, halafu mtu mwema mmoja anamgeukia na kumtafsiria, naye anacheka wakati wenzake wameshamaliza. Amezoea. Anachojiuliza ni kama hata siku ya kuagwa kwake atakuwa wa mwisho kucheka.

Maneno yale yalimuuma Kokugonza. Mtoto wa Buberwa awe mgeni kwenye uwanja wa Buberwa! Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeapa, "My song, you laugh first."

Ndipo akawa ameahidi. Na wimbo wenyewe si wimbo wa kuahidi ovyo. Katika ukoo wao, binti hatoki nyumbani kwa baba yake mpaka shangazi amwimbie, yeye peke yake, mbele ya wakwe. Wimbo humkaribisha binti ndani, humketisha, humlisha, humtania, halafu humwambia aende. Mwenye kuimba hasaidiwi na mtu. Akiboronga, ameboronga mbele ya ukoo mzima.

Mlangoni kwa Kokugonza kuna ubao mweusi wa kuandikia vyakula vya siku. Kiingereza alikutana nacho ubaoni, shuleni, akaona labda ubaoni ndiko kinakokubali kutoka. Akafuta chai, ndizi na maharage, akashika chaki. Kesho yake wateja waliokuja kusoma bei walikuta sentensi ndefu ya kumfahamisha mpendwa Lilian kwamba familia inayo furaha kubwa kumwarifu kwamba inafurahi. Muharami, dereva wa bodaboda anayekunywa chai pale kila siku, aliisoma kwa sauti akiwa na andazi mdomoni.

"Mama, hii ni barua ya kuomba kazi," akasema. "Imebaki anwani tu."

Ikafutwa. Safari hii Kokugonza akategea masikio redio, akachota maneno kwenye nyimbo za mapenzi zinazopigwa mchana kutwa. Ubao ukasema, "Baby, don't leave me, I will die." Mwajuma akauliza maana yake, akaambiwa kwamba mwimbaji anambembeleza kipenzi chake asiondoke, la sivyo atakufa. Akashika kiuno.

"Koku, huyu ni mtoto wa kaka yako au ni mwanamume aliyekukimbia na godoro?"

Ikafutwa na hiyo. Kokugonza akaona dawa ni kurudi nyumbani, achukue sifa za Kihaya zenyewe, zile ambazo bibi yake alikuwa anawasifia mabinti, azigeuze neno kwa neno. Jioni hiyo alipita Ismail. Ismail ni kijana anayetembeza watalii, Kiingereza kwake ni kazi, na ndiye aliyekuwa amekubali kuwa mshereheshaji na mkalimani wa shughuli. Alisimama mbele ya ubao, akasoma kwamba macho ya Lilian ni macho ya ng'ombe, akashika mlango asianguke kwa kicheko.

"Mama, umemwita bibi harusi ng'ombe!"

"Kwani ng'ombe ana ubaya gani?"

"Kwetu hana. Kwao huyo dada, ukimwita ng'ombe umemtukana."

"Watu gani hao wanaomtukana mtu kwa ng'ombe?" Kokugonza alikasirika kweli, akakifuta kile kibao kwa kanga yake mwenyewe. "Wanamnywa maziwa, wanamla nyama, halafu jina lake ni tusi!"

Ismail alimpa pole, akamshauri jambo ambalo kila mtu alikuwa analifikiri: aimbe Kihaya chake kama kawaida, naye atafsiri mstari kwa mstari. Ilikuwa rahisi. Kaka mkubwa, Kashaija, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa aliyebaki na nyumba ya ukoo kule Buganguzi, alikuwa ameshapiga simu kusema hivyo hivyo, isipokuwa yeye hakushauri, aliamrisha. Kokugonza alilala na mawazo siku ile. Alianza kuona kwamba ataivunja ahadi yake, na alijichukia kwa sababu ya mdomo wake mrefu.

Wimbo ulikuja siku ambayo hakuwa anautafuta. Ilikuwa jioni, ambayo kule Kanada ni asubuhi, mgahawa umejaa, Kokugonza ana sahani mikono miwili, simu ikalia. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Lilian alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amegombana na mama yake kuhusu safari, mama hataki, anasema gharama, anasema mbali, na binti alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana. Alisema mengi, haraka haraka, na Kokugonza hakuelewa hata nusu. Alichoelewa ni kwamba mtoto ana njaa.

"Stop," akamwambia. "Sit."

Lilian akakaa.

"Bread? You have? Bring."

Lilian akainuka, akarudi na mkate.

"Eat. I see you. Eat."

Na mtu mzima yule, mwenye kazi yake na mchumba wake, akala mkate mbele ya simu, machozi yakimtoka, huku shangazi yake akigawa maharage na kumkagua kwa jicho moja kama anameza. Alipomaliza alivuta pumzi, akasema ahsante, akasema hakuna mtu aliyewahi kuongea naye hivyo. Kokugonza akajibu kwamba hata yeye hajaongea kitu. Simu ilipokatika alisimama pale na mwiko mkononi, na wateja wawili walilazimika kumkumbusha chenji yao.

Kesho yake alimenya ndizi na mdomo ukaenda. Njoo, keti, kula, tazama, nenda. Maneno hayo kwa Kiingereza alikuwa nayo siku zote, alikuwa anawahudumia nayo wazungu wanaopotea njia na kuingia kwake, na hayajawahi kumwangusha. Na mashangazi wote aliowahi kuwasikia, kwa Kihaya, walikuwa wanaongea hivyo na mabinti wa kaka zao: amri tupu. Ubao haukuandikwa kitu zaidi ya chai, ndizi na maharage.

Alipomwimbia Ismail, kijana alisikiliza vizuri, akakuna kidevu.

"Ni mzuri, Mama. Lakini unamwamrisha. Kiingereza bila 'please' ni ukali. Weka 'please' kila mahali, itakaa sawa."

Kokugonza akajaribu. Aliuimba wote tena, na kila amri akaitangulizia neno hilo. Mwajuma aliacha kupiga ngoma katikati.

"Sasa umekuwa mhudumu wa hoteli," akasema.

Hata Kihaya kina neno la kubembeleza, wanasema "bojo", lakini mdogo ndiye humwambia mkubwa, au mwenye shida humwambia mwenye nacho. Shangazi gani anamwambia mtoto wa kaka yake bojo, keti? Mtoto atashtuka, atadhani amefanyiwa jambo baya na sasa anaombwa msamaha. Kokugonza akaling'oa neno lile lote. Kashaija alipopewa habari alipiga simu mwenyewe.

"Koku, waitu, mdogo wangu," akasema, "huyo mtoto hajakulia hapa. Ukimpigia kelele kwa lugha yake mbele ya wakwe, akachukia, akaondoka na hasira kwenye nyumba ya baba yake, mimi sitakutetea. Itakuwa juu yako."

"Iwe juu yangu," Kokugonza akasema. Alisema kwa ujasiri, lakini aliogopa, na hofu ile hakumwambia mtu.

Siku yenyewe ilinyesha manyunyu tangu asubuhi. Buganguzi yote ilikuwa chini ya maturubai ya Kashaija. Lilian alifika na Desmond na ndugu wachache wa Desmond, na mama yake, ambaye hatimaye alikuwa amekubali kuja, amekaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Binti alifanana na Buberwa paji la uso na namna ya kuinamisha kichwa. Kokugonza alipomwona alimkumbatia.

Hotuba zikaanza. Kashaija alisema, Ismail akatafsiri. Mzee wa upande wa pili wa ukoo alitania, watu wakaangua kicheko, Ismail akatafsiri, Lilian akacheka, peke yake, kicheko kidogo cha adabu, wakati wenzake wameshanyamaza. Ikawa hivyo mara nyingi. Kokugonza alikuwa anaangalia tu, na kila mara aliumia. Zamu yake ilipofika alimpita Ismail, akamshusha kipaza sauti kwa mkono.

"Wewe kaa," akamwambia. "Hapa huna kazi."

Mwajuma akagonga ngoma. Kokugonza akasimama mlangoni pa nyumba na kuimba.

"Come, Lilian. Come inside. This door, your father hit his head. Every day he hit his head."

Lilian akacheka. Alicheka kwa nguvu, mkono kinywani, na ua mzima ulikuwa kimya kwa sababu wengi hawakuwa wameelewa. Watu wakageukiana kuulizana amesema nini. Ismail alikuwa amekaa. Ikabidi jirani amuulize bibi harusi mwenyewe kwa ishara, naye akawaonyesha kwa kujigonga paji la uso na kuonyesha kizingiti, ndipo kicheko kikaenea kutoka kwake kwenda kwa wengine. Kokugonza aliona mama wa Lilian naye anacheka na kufuta macho. Buberwa alikuwa mrefu, na mlango ule kweli ulimtesa.

Akamwambia akae, si kwenye kiti, kwenye mkeka uliotandikwa penye kona ya nyumba, ambapo migomba ya nyuma inaonekana. Lilian akavua viatu, akakaa mkekani na gauni lake lote. Akamwambia ale, akampa akamwani, zile buni za kahawa zilizokaushwa wanazokaribishia wageni, na Lilian akatafuna, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, akameza. Akamwambia atazame nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Look. Your father is there. He is not far. He heard your car. Greet him."

Lilian akageuka kwenye mkeka. Alitazama kaburi muda mrefu, kisha akasema kitu kwa sauti ndogo ambayo haikumhusu mtu mwingine. Kashaija aliinamisha kichwa. Hakukuwa na ukali wowote, na hakukuwa na mtu aliyechukia. Kokugonza alijua ameshinda, akafurahi.

Papo hapo akakumbuka, na furaha yote ikamtoka.

Kwao Buganguzi, shangazi akimwambia binti nenda, binti hatakiwi kwenda. Anatakiwa akatae. Agome, alie, ashikilie mkeka, mpaka avutwe. Binti anayesimama upesi amewaambia watu kwamba nyumbani kwao hapakaliki, na watu hawasahau, watalisema hata kwa watoto wake. Kila binti wa pale analijua hilo tangu utotoni, hakuna anayefundishwa. Na Kokugonza, kwa kuhangaika wiki zote zile na Kiingereza, na ng'ombe, na "please", hakukumbuka kumwambia Lilian. Amemwambia njoo, amekuja. Keti, ameketi. Kula, amekula. Akimwambia nenda, mtoto huyu mtiifu atainuka, atavaa viatu, atakwenda, mbele ya kaburi la baba yake.

Hakuweza kusimamisha wimbo amnong'oneze. Hakuweza kuongeza mstari wa kumwelekeza akatae, maana wakwe walikuwa wanaelewa kila neno. Akafanya kitu kimoja alichokiweza, akaurefusha. Mwajuma alimtazama kwa mshangao kwa sababu ngoma ilitakiwa kupoa, lakini akaendelea kugonga. Kokugonza akaimba vitu alivyokuwa anaviona.

"Look at your man. Look at his white shoes. Our mud is hungry. Our mud will eat his shoes."

Desmond akatazama viatu vyake, wakwe wakacheka, Lilian akacheka zaidi yao. Akaimba habari ya Ismail aliyekaa bila kazi. Akaimba habari ya Kashaija, ambaye anajifanya mkali lakini juzi amempa paka jina. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, mengine yamepinda, yote yanaeleweka, na mtu yule aliyekuwa anahangaika na ubao alikuwa sasa anatunga Kiingereza papo kwa papo mbele ya ukoo, wala hakupata nafasi ya kujishangaa. Alikuwa anaogopa tu. Manyunyu yakakatika. Kashaija akakohoa, kile kikohozi cha kumwambia mtu amalize.

Hapakuwa na pa kukimbilia tena.

"Go," Kokugonza akaimba. "The car is waiting. Your aunt is tired of you. Go."

Ngoma ikanyamaza, kama inavyotakiwa kunyamaza hapo. Kina mama wa Buganguzi walimkazia macho bibi harusi. Lilian aliangalia gari, akamwangalia Desmond, akaangalia migomba nyuma ya nyumba. Halafu akamwangalia shangazi yake.

"No," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka barabarani. Wanawake walidhani binti amefundishwa vizuri, wakampigia makofi shangazi. Kokugonza alijua kwamba hajamfundisha. Mtoto hakuwa anafuata mila yoyote, alikuwa hataki kuondoka nyumbani kwao, basi.

Shangazi anatakiwa arudie, kwa sauti kubwa zaidi, kisha amshike binti mkono na kumwinua. Kokugonza akajikaza.

"Go, Lilian."

"No, Auntie." Sasa alikuwa analia waziwazi, ameukamata mkeka kwa mikono yote miwili. "No. I just got here."

Kokugonza akashindwa kuimba tena. Akamshika mkono, lakini badala ya kumvuta asimame, akajikuta yeye ndiye anashuka, magoti, kisha mwili mzima, mpaka wakawa wawili mkekani, wameshikana. Jambo hilo halikuwa kwenye mila za mtu yeyote. Watu wakamgeukia Kashaija, maana yeye ndiye mwenye nyumba na ndiye wa kusema.

Desmond aliinama kwa Ismail, akauliza kwa wasiwasi afanye nini. Ismail hakujua. Kashaija aliinuka kwenye kiti, akajifuta macho kwa kiganja bila kuficha, akatazama mlango wa jikoni.

"Dereva azime gari," akasema kwa Kihaya. "Na nyie wa jikoni, ongezeni ndizi."

Lilian, bila kumngoja mtu amtafsirie, akaketi vizuri.